Uzi na Kiatu



Mama anakwenda mnadani kununua viatu vya shule. Mtoto kabaki nyumbani. Mkononi mama ana uzi, uzi uliokatwa sawasawa na unyayo wa mwanawe. Anauingiza kiatuni. Unaenea. Analipa, anarudi na furaha.

Jumatatu mtoto anavaa. Urefu ni uleule. Lakini kidole kidogo kinabanwa, kisigino kinachubuka. Uzi haukusema hayo. Uzi hauumii.

Msikilizaji, huduma nyingi za watoto wetu tumezinunua kwa uzi. Dawati la jinsia na watoto pale polisi. Mwalimu wa unasihi shuleni. Kliniki ya vijana. Ni vitu vyema, nami navishukuru kwa dhati. Lakini nani alimuuliza binti wa kidato cha pili kama anaweza kugonga mlango wa unasihi unaotazamana na ofisi ya walimu, kila mtu akimwona? Nani alimuuliza kijana kama kliniki inayofungwa kabla hajatoka darasani ni yake?

Hapa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Si hisani yetu. Ni haki yake. Na kumwita mkutanoni aghani shairi, apigiwe makofi, kisha atoke nje wakubwa waamue, huko si kumsikiliza.

Leo, wewe unayepanga huduma, mwite. Mkalishe. Muulize panabana wapi. Kisha nyamaza, mpaka amalize.