Soma Mkataba Kabla ya Menyu

Bwana mmoja, mzaliwa wa Tanga na mkazi wa Houston huko Texas, alitaka kumkirimu mama yake. Bibi huyo alikuwa amekuja Marekani kuwaona wajukuu na siku zake za kurudi nyumbani zilikaribia. Mwanawe akaona tangazo la meli ya utalii: siku tano kutoka bandari ya Galveston hadi Cozumel, Mexico, na kurudi, malazi na chakula vyote ndani ya nauli. Picha ilionyesha kambakochi waliopangwa juu ya barafu na mpishi mwenye kofia ndefu akitabasamu. Bei ilimshangaza kwa udogo wake. Akalipa usiku uleule kwa watu watano: yeye, mkewe, mama yake na watoto wawili. Chini ya ukurasa palikuwa na mkataba mrefu na kisanduku cha kuweka alama kwamba umeusoma na kuukubali. Akaweka alama, akalala.

Hadithi hii ni ya kutunga. Ada na taratibu zilizomo si za kutunga, na visa viwili nitakavyovieleza baadaye vilitokea kweli na kufika mahakamani.

Siku ya safari walipanda adhuhuri. Vyumba vilikuwa bado vinasafishwa, kwa hiyo abiria wote waliopanda saa ile walielekezwa mahali pamoja, sitaha ya juu penye bufee. Maelfu ya watu wenye njaa, mikoba mabegani na watoto wakilia. Walipofika mbele ya sahani, bibi alisimama akatazama. Alimwona abiria mmoja akichota nyama ya nguruwe kwa koleo, kisha koleo lilelile akalitia kwenye trei ya kuku.

"Mwanangu," akasema, "na huyu kuku kachinja nani?"

"Ngoja niulize, mama."

Mhudumu aliyekuja alikuwa na kibati kifuani chenye jina lake na nchi atokayo: Kenya. Kumsikia bibi akisema Kiswahili, akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Kilifi, mama." Kisha akawaeleza kwa sauti ya chini. Maombi ya chakula maalumu, pamoja na nyama halali kwa meli zinazokubali kuiandaa, hupelekwa ofisini wiki kadhaa kabla ya safari. Nyama ya safari hii ilipakiwa asubuhi hiyo hapo Galveston, na kilichopakiwa ndicho kitakachopikwa. Menyu hutungwa makao makuu, na hata mpishi mkuu hana ruhusa ya kuipindua. "Ila samaki nitakuletea mimi mwenyewe, mama, aokwe mbali na nyama."

Alitimiza ahadi. Bibi akala samaki wa kuokwa, mayai ya kuchemsha, mkate na matunda. Siku ya kwanza alishukuru, ya pili alinyamaza, ya tatu akauliza kama huko Mexico watakakoshuka kuna mahali panapouzwa wali wa nazi.

Nao waliokula kila kitu hawakufurahi zaidi. Wali wa bufee ulikuwa umekauka pembeni, kuku amekuwa kamba za kutafuna, mayai yote yana ladha moja. Kosa si la mpishi peke yake. Kanuni za afya zinazosimamia meli ziingiazo Marekani zinataka chakula cha moto kikae kwenye nyuzi 57 za Selsiasi au zaidi, na cha baridi kisizidi nyuzi 5. Kanuni hizo ni za kushukuriwa, maana ndizo zinazozuia vijidudu kuzaliana. Lakini chakula kilichopikwa kwa ajili ya maelfu, kikawekwa juu ya mvuke kikisubiri mlaji, hupoteza maji na utamu dakika baada ya dakika. Anayefika mwanzo wa zamu hula chakula, na anayefika mwisho hula masalia yake.

Wakahamia ukumbi mkuu wa chakula, wenye vitambaa vyeupe na saa maalumu ya kukaa. Huko chakula kilikuja sahanini, kikiwa cha moto, lakini kidogo, na mle ndani ya menyu baadhi ya vyakula vilikuwa na bei pembeni. Wale kambakochi wa kwenye tangazo walikuwa miongoni mwa hivyo. Sitaha nyingine palikuwa na mgahawa wa nyama choma za kizungu, unaolipiwa kwa kichwa hata kabla hujaagiza. Waswahili walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Familia ile ilizunguka meli yote kutafuta meza nzuri ya bure, ikarudi palepale penye foleni.

"Baba watoto," mkewe akamwambia usiku wa tatu, "si ulisema chakula kimo ndani ya nauli?"

"Kimo, mama watoto. Ila si kile cha kwenye picha."

Melini hakuna anayetoa noti mfukoni. Kila abiria hupewa kadi iliyounganishwa na kadi yake ya benki, na kila kitu hulipiwa kwa kuigusisha. Maji ya bomba, chai na kahawa ya kawaida ni bure, bali soda, maji ya chupa na kahawa ya mashine ni vya kulipia. Mtoto akigusa kadi, baba hasikii kitu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Asubuhi ya mwisho daftari lilisukumwa chini ya mlango. Ndani yake palikuwa na soda za watoto, chakula cha jioni kwenye mgahawa wa kulipia, na ada ya huduma ambayo hakuikumbuka kabisa. Kampuni kubwa nyingi hutoza ada hiyo kila siku kwa kila kichwa, mtoto akiwamo, na miaka ya karibuni imekuwa kati ya dola 16 na 20. Kwa watu watano na siku tano, hata kwa kiwango cha chini, ni dola 400.

Alishuka kaunta amefura. Binti wa kaunta alimsikiliza kwa adabu, akamgeuzia kioo cha kompyuta. Ulikuwa mkataba ule, na chini yake jina lake.

Sasa tuiache familia hiyo kaunta, tutazame biashara yenyewe. Nauli ya meli za utalii huwa ndogo kwa sababu meli haipati faida kwenye nauli peke yake. Mwaka 2023 Carnival Corporation, kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hii, iliingiza takriban dola bilioni 21.6. Zaidi ya bilioni 7 kati ya hizo hazikutoka kwenye tiketi. Zilitokana na mauzo ya ndani ya meli na shughuli nyingine: vinywaji, kamari, ziara za nchi kavu, migahawa ya kulipia. Kwa hiyo chakula cha bure kina kazi mbili. Kwanza, kimshibishe abiria. Pili, kisimpendeze kiasi cha kumfanya asahau kwamba ghorofa ya juu kuna kizuri zaidi. Sidai kwamba kuna mtu anayekaa ofisini kupanga wali ukauke. Nasema tu kwamba wali ukikauka, hakuna hesabu ya kampuni inayoumia.

Hiyo ni hasara ya kawaida. Mkataba uleule huonyesha makali yake siku meli inapoharibika.

Alhamisi tarehe 7 Februari 2013 meli ya Carnival Triumph iliondoka Galveston kwa safari ya siku nne kwenda Cozumel, njia ileile ya hadithi yetu. Ilibeba abiria zaidi ya 3,100 na wafanyakazi zaidi ya 1,000. Jumapili alfajiri, wakati wa kurudi, mafuta yaliyovuja kwenye bomba la jenereta yalishika moto katika chumba cha injini. Moto ulizimwa bila kuua mtu, lakini meli ikakosa nguvu za kujiendesha na umeme wa kutosha, ikaelea katika Ghuba ya Mexico. Vyoo vingi viliacha kufanya kazi. Majokofu na majiko hayakuwa na umeme wa kutegemewa. Abiria walisimulia foleni za saa nyingi kwa ajili ya mkate uliotiwa vitunguu, huku wengine wakilala sitahani kukimbia joto na harufu ya vyumbani. Meli nyingine za kampuni zilisogea kuwapa chakula. Walivutwa hadi Mobile, Alabama, wakafika usiku wa tarehe 14.

Kampuni iliwarudishia nauli na kuwaongezea dola 500 kila mmoja. Baadhi yao walikwenda mahakamani. Huko mawakili wa kampuni walitoa hoja inayopaswa kubandikwa kwenye mlango wa kila wakala wa safari: kwamba mkataba wa tiketi haumwahidi abiria safari salama, wala meli iliyo imara, wala chakula cha kutosha na kinachofaa, wala mazingira safi. Tangazo liliahidi kambakochi. Mkataba haukuahidi hata mkate.

Msomaji atauliza kama maandishi ya namna hiyo yana nguvu. Mara nyingi yanayo. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Carnival Cruise Lines dhidi ya Shute. Mama mmoja wa jimbo la Washington, kaskazini-magharibi ya nchi, alikuwa katika ziara ya kuonyeshwa jiko la meli, nje ya pwani ya Mexico, alipoteleza kwenye mkeka akaumia. Alitaka kushtaki karibu na nyumbani kwake. Tiketi ilisema mashtaka yote yasikilizwe Florida, pembe ya pili ya nchi. Mahakama ikasema kifungu hicho kinamfunga.

Baada ya aibu ya Triumph, mwezi Mei 2013, umoja wa kampuni za meli za utalii ulitangaza hati ya haki za abiria. Miongoni mwake ni haki ya kushuka chakula, maji au vyoo vikishindwa kutolewa ipasavyo. Isomeni vizuri haki hiyo: inahusu meli iliyokwisha funga gatini. Aliye katikati ya maji atangoja.

Yapo basi mafunzo manne, na sehemu kubwa yake hufanyika kabla ya kulipa.

La kwanza, uliza chakula kwa maandishi. Kama unakula halali, au una kisukari, au karanga zinakudhuru, mwandikie wakala na uhifadhi jibu. Usiridhike na "tutaona mkifika." Mkifika, stoo imeshafungwa.

La pili, tafuta bei ya safari nzima. Jumlisha nauli, kodi za bandari, ada ya huduma kwa kila kichwa kila siku, na vinywaji. Zidisha kwa idadi ya watu wako, watoto wakiwamo. Jumla hiyo ndiyo ya kulinganisha na hoteli. Ukishapanda, omba hesabu ya kadi yako kila jioni, na uulize kama kadi za watoto zinaweza kufungwa zisinunue kitu.

La tatu, tofautisha usafi na utamu. Kwa meli zinazoingia Marekani kutoka nchi nyingine, taasisi ya afya ya CDC ina mpango wa ukaguzi ulioanza 1975. Alama kamili ni 100, na meli inayopata 85 au pungufu imefeli. Matokeo huwekwa wazi kwa kila mtu, nayo hutaja hata jokofu lililopata joto. Hayatakuambia kama mchuzi una chumvi, ila yatakuambia kama jiko lilikutwa safi siku ya ukaguzi. Pamoja na hayo, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, maana koleo la bufee hupita mikono mingi.

La nne, soma vifungu vitatu vya mkataba hata kama vingine vyote vitakushinda: kampuni inaahidi nini kuhusu chakula na huduma, madai yapelekwe wapi, na ndani ya muda gani. Usishangae ukikuta muda wa kushtaki ni mwaka mmoja tu. Ukiona hayo huyawezi, bado una fedha zako mkononi.

Mwisho, tusimtupie lawama asiyehusika. Yule kijana wa Kilifi hakutunga menyu wala hakuandika mkataba. Yuko melini miezi mingi mfululizo, siku saba kwa wiki, na ndiye pekee aliyemhangaikia bibi. Mwenye hasira na amwandikie aliyepokea nauli. Na kampuni ikishindwa kukujibu kwa barua kuhusu kuku mmoja wakati bado inaitaka fedha yako, haitakuwa na jibu jema zaidi ikishaipata.