Silinda ya Tatu

Kama ulifanya Kemia hadi Fomu Foo, unajua kupika. Sizungumzii chakula. Titresheni ya kwanza inatoka vizuri, ya pili inakataa kufanana na ya kwanza, na ya tatu huna muda nayo. Basi unaandika tu namba inayokaa karibu na ya kwanza, unahakikisha tofauti haizidi 0.2, na maisha yanaendelea. Sisi tulipika. Tulipika hadi yule asiyejua kupika ndiye aliyeonekana hajasoma.

Sikudhani bureti ingenirudia. Lakini miaka saba baadaye nilijikuta Galbet, hapa Garissa, chini ya mwarobaini kwenye gereji ya abti yangu, nimeinamia silinda hedi ya Probox na bureti ya kioo mkononi, ileile ya shule. Ilikuwa saa kumi jioni, joto bado halijaamua kuondoka, na kongoti wawili walikuwa wamesimama juu ya ukuta kama wasimamizi wa mtihani.

Nieleze kazi kwanza. Silinda hedi ni kile kipande cha juu cha injini kinachobeba vali, pamoja na matundu ya kuingizia hewa na ya kutolea moshi. Injini ya Probox ninayoizungumzia, 1NZ-FE, ina silinda nne. Kila moja ina kipenyo cha milimita 75, na pistoni inasafiri milimita 84.7. Piga hesabu, utapata cc 1,497. Kwa kupeleka mkate dukani inatosha kabisa. Lakini mteja wetu hubeba abiria njia ya Modogashe, na kwenye hiyo biashara anayefika kwanza ndiye anayepanga foleni ya kurudi kwanza. Alitaka gari "ifunguke".

Kufungua injini hivyo ni kazi ya grainda ndogo na subira kubwa. Ndani ya tundu, pale alumini inapokutana na kiti cha vali, kiwanda huacha kingo ndogo, na hewa hujikwaa hapo. Unaiondoa. Kisha unalainisha ile kona ya ndani ambapo hewa inakunja kuelekea kwenye vali. Watu wengi hudhani kazi ni kupanua tu, kwamba tundu likiwa kubwa nguvu inakuwa kubwa. Sivyo. Bana mdomo wa mpira wa maji uone maji yanavyoruka mbali. Achilia, yanaanguka miguuni pako. Hewa nayo inahitaji mwendo. Ukipanua ovyo unaipa nafasi na kuinyang'anya kasi. Na kuna jambo moja ambalo abti hulirudia kila siku: grainda inajua kutoa tu, haijui kurudisha.

Baada ya kusaga, unapima. Unageuza hedi juu chini, vali na plagi zikiwa mahali pake. Unapaka grisi kidogo pembeni mwa chumba cha mwako, unafunika kwa kipande cha plastiki kinachoonyesha ndani, chenye kitundu kidogo, kisha unajaza mafuta ya taa kutoka kwenye bureti hadi povu la mwisho litoke. Namba unayoisoma ndiyo ujazo wa chumba. Kabla hatujaanza, mimi na abti tulikuwa tumekubaliana: tofauti kati ya vyumba vyote vinne isipite nusu cc.

Silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zilikaa karibu karibu, tofauti ya 0.2 tu. Ya tatu ilikuwa imezidi kwa 1.6.

Nilijua ni wapi. Asubuhi, nikipunguza ukuta ulio kando ya vali ya hewa, grainda iliniteleza, na badala ya kusimama niliendelea kusaga ili kufuta alama. Nilifuta alama kwa kuongeza kosa. Nikapima tena. 1.6. Nikapima mara ya tatu nikiomba bureti inihurumie. 1.6.

Unaweza kusema, cc moja na nukta sita ni nini? Ni chini ya nusu ya kijiko cha chai. Lakini pistoni ya hii injini ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama cc 39.4 tu. Hapo ndipo mgandamizo wa 10.5 unapotoka. Ongeza 1.6 na silinda hiyo inashuka hadi karibu 10.1. Tatu zinavuta, moja inavutwa. Kompyuta ya gari haijui. Inatoa amri moja kwa zote nne. Gari itawaka, itaenda, haitalipuka njiani. Itakuwa tu na uvivu na mtetemo mdogo ambao mteja atausikia bila kujua jina lake, na atalaumu petroli.

Nikamwambia abti, "Abti, nani atajua?"

Abti si mtu wa ujanja. Alinijibu na jambo zito kuliko nililotarajia. "Hata kiwandani hazilingani kabisa," alisema. "Hakuna vyumba viwili sawa duniani. Sasa niambie wewe uliyesoma: tofauti inaanza kuitwa uongo ikifika ngapi?"

Hilo swali lilinikalia. Ni kweli, hakuna kipimo kisicho na nafasi ya kukosea. Kwa hivyo siwezi kusema 0.2 ni ukweli na 1.6 ni dhambi, kana kwamba maadili yamechongwa kwenye kioo cha bureti. Mbona basi ya kwanza haikunisumbua na ya pili ilinikosesha chai?

Nilifikiria soko la mifugo, si mbali na hapa. Mnunuzi na muuzaji wanashikana mikono chini ya kitambaa, wanaambiana bei kwa vidole, na watu waliosimama pembeni hawaoni kitu. Hakuna mizani. Uzito wa mbuzi unakadiriwa kwa macho na kwa kushika mgongo. Ukija kutoka Nairobi unaweza kudhani ni mahali pa kuibiwa. Lakini mbuzi amesimama pale. Muuzaji ameshika mgongo, nawe unaweza kuushika. Makadirio ni halali kwa sababu kila mmoja ana mkono wake. Silinda hedi ikishafungwa kwa bolti kumi, mteja hana mgongo wa kushika. Mkono pekee uliowahi kufika mle ndani ni wangu. Yaani nisiposema, sijafanya biashara ya macho kwa macho. Nimeshika mbuzi peke yangu, halafu nikamfunika.

Hata hivyo hilo halijibu swali la abti. Linaeleza kwa nini nina deni, bila kueleza linaanzia wapi. Na si kwamba ukaguzi wenyewe unatosha. Mwaka 1995, timu ya Toyota ilifungiwa miezi kumi na miwili kwenye mbio za dunia za magari. Sheria iliweka pete ya kupunguza hewa inayoingia kwenye tabo. Pete ya Toyota ilikuwa sawa kabisa ukiishika na kuipima. Lakini ikishafungwa mahali pake, springi zilizofichwa ziliisogeza kama milimita tano, hewa ikapita pembeni. Mkaguzi alipewa namba halali, injini ikapewa hewa haramu. Mainjinia wale walijua kupima kuliko mimi na wewe. Kipimo chao kilikuwa sahihi, ila waliamua mapema kwamba hakitawahi kuwakataa.

Nadhani jibu liko hapo. Tulipokubaliana nusu cc, hatukujua silinda gani ingepita na gani ingefeli. Mpaka uliwekwa tukiwa bado hatuna maslahi nao. Kama sasa ningesema "aah, hata mbili ni sawa," mpaka huo ungekuwa umechorwa na 1.6 yenyewe, ukizunguka kosa langu kama ua. Namba inaweza kuwa ileile. Mtu mwingine, kwenye injini nyingine, anaweza kuruhusu cc mbili kabla ya kuanza na akawa mwaminifu. Tofauti iliyokubaliwa kabla ya kupima ni unyenyekevu. Iliyoruhusiwa baada ya kupima ni kupika. Na nilijua ladha ya kupika tangu shule.

Nilimwambia abti hivyo, kwa maneno machache zaidi. Akakuna kidevu. "Sawa," akasema. "Sasa lipa."

Kulipa kuna uchungu wake. Kwa kuwa grainda hairudishi, huwezi kuirekebisha ya tatu ifanane na wenzake. Njia tuliyokuwa nayo ni kuzisaga zile tatu nzuri hadi zishuke kwa ile mbovu. Nilikaa hadi isha nikipunguza vyumba ambavyo havikuwa na kosa lolote. Usiniambie haki haiumi. Wakati mwingine usawa unapatikana kwa wazima kubeba kilema cha mmoja, na anayeshika grainda ndiye aliyesababisha. Usiku tulipima zote nne kwa mwanga wa simu. Tofauti kubwa ilikuwa 0.3.

Mteja alikuja asubuhi. "Adeer, iko tayari?"

Nilimweleza yote, kuteleza na kila kitu. Alisikiliza akiangalia hedi mezani. "Kwa hivyo nimelipa ili injini ishuke mgandamizo?"

"Kidogo. Matundu yamefunguka, hewa itaingia vizuri zaidi. Lakini si kama nilivyokuahidi. Na benchi ya kupima hewa hatuna, kwa hivyo siwezi kukuambia umeongeza farasi wangapi."

Alicheka, kile kicheko cha soko. Tulishindana bei, wazi, bila kitambaa. Shilingi 15,000 za kazi zikawa 9,000, na abti hakunitetea hata kidogo.

Kabla ya kuondoka alivuta hedi karibu. "Ya tatu ni ipi?"

Nikamwonyesha. Akaweka kidole gumba ndani ya chumba, akakizungusha polepole ukutani, kisha akaingiza kwenye cha nne, kisha akarudi kwenye cha tatu.