Taa Iliyozimwa

Mtu auza motokari ya mbio iliyokwisha kutumika. Taa ndogo ya mota yawaka, yeye akata waya wake, kisha asema: "Sikusema uongo, mnunuzi hakuuliza." Je, ana haki?

Taa hiyo si pambo. Ikiwaka tu, yamwita fundi apime. Ikipepesa, mara nyingi mafuta hayaungui sawasawa. Kuizima si kuponya. Mnunuzi aweza kukwama porini kati ya Kasongo na Kabambare, pamoja na watoto wake.

Katika karne ya 13 Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha kwamba muuzaji apaswa kutaja kasoro iliyofichika iletayo hatari au hasara. Basi, ndugu msomaji, mkono uliokata waya umekwisha kusema uongo, hata kinywa kikinyamaza. Heri kupunguza bei.