Mahame ya Kolmanskop

Kiswahili kina maneno mawili kwa makazi yaliyokwisha kuachwa, na hayalingani. Gofu ni kitu: kuta zilizobaki baada ya paa kuanguka. Mahame ni tendo: mahali palipohamwa. Anayesema gofu anatazama mawe, lakini anayesema mahame ameshaanza kuuliza nani alihama na kilichomhamisha ni nini. Kolmanskop, mji ulio ndani ya jangwa la Namib karibu na bandari ya Lüderitz kusini mwa Namibia, hutembelewa na wengi kama gofu. Picha zake zimezunguka dunia nzima: mlango umebanwa nusu wazi, mchanga umeingia chumbani na kupanda ukutani, rangi ya ukuta bado inang’aa juu ya tuta. Na chini ya picha hizo husemwa jambo lile lile, kwamba jangwa limechukua kilicho chake na maumbile yamemshinda binadamu. Mimi siyakubali maelezo hayo. Yanafuta watu ambao bila wao hakuna nyumba hata moja pale ambayo ingesimama mwaka mmoja.

Tuanze na mchanga wenyewe. Haukufika baada ya watu kuondoka. Ulikuwapo kabla ya mji, na mji wenyewe ulizaliwa kwa sababu yake. Aprili 1908, kibarua wa reli aitwaye Zacharias Lewala alikuwa akizoa mchanga uliofunika njia ya treni alipoona jiwe linalometa. Alikuwa amefanya kazi kwenye migodi ya Kimberley, hivyo almasi aliijua. Alimpelekea msimamizi wake, August Stauch, Mjerumani ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha sehemu hiyo ya reli haizibwi na mchanga. Mwaka huo huo serikali ya kikoloni ililifunga eneo kubwa la jangwa lisiingiwe ovyo, na katika miaka michache ukainuka mji wenye hospitali yenye mashine ya eksirei, kiwanda cha barafu, shule, na ukumbi wa muziki, katika nchi ambayo hata maji ya kunywa yalibidi yaletwe kwa meli kutoka Cape Town. Upepo haukuheshimu lolote kati ya hayo. Kila asubuhi walikuwapo watu wa kuzoa mchanga ulioingia mitaani usiku, ili wenye nyumba waweze kupita. Kwa hiyo, kwa zaidi ya miaka arobaini, kilichouzuia mchanga usiingie sebuleni hakikuwa tofali wala ufundi wa Kijerumani. Kilikuwa beleshi, na mkono ulioshika beleshi.

Hapo ndipo wazo la kudumu linapohitaji kuchunguzwa upya. Tumezoea kulichukulia kudumu kama sifa ya kitu, kama rangi au uzito: nyumba ya mawe hudumu, ya udongo haidumu. Kolmanskop inaonyesha vingine. Nyumba haisimami, husimamishwa, na kusimamishwa huko hakuishi siku fundi anapokabidhi ufunguo. Mwaka 1928 almasi nyingi zaidi zilipatikana kusini, karibu na mdomo wa mto Orange. Hesabu zikabadilika, watu wakaanza kuhamishwa, na kufikia 1956 mji ukabaki mtupu. Jangwa halikuongeza nguvu mwaka huo. Mshahara ndio uliokoma, na aliyekuwa akizoa mchanga akaondoka. Tuta lililolala leo katikati ya chumba si ushindi wa maumbile, ni kipimo cha kazi iliyokoma: kina chake chote kiliwahi kuondolewa na mtu, koleo kwa koleo, kisha hakikuondolewa tena.

Ukumbi mkuu ndio unaonitatiza zaidi. Mwaka 1980 kampuni ya almasi ilikarabati baadhi ya majengo, na ukumbi huu ni miongoni mwake: jukwaa lipo, sakafu ya mbao ni safi, na chini yake iko njia ambayo wakubwa wa mgodi walikuwa wakiviringisha mpira kuangusha pini. Mgeni akiingia humo husifu ubora wa ujenzi, kana kwamba mbao zile zimejihifadhi. Jengo lililohifadhiwa vizuri huificha kazi inayolihifadhi, na nyumba iliyojaa mchanga huifichua. Tena si kazi ya ufagio tu inayofichwa. Mji huu ulikuwa na watu wazima wa Kijerumani wapatao 300, na vibarua wa mkataba kutoka kaskazini, wengi wao Waovambo, wapatao 800. Reli ambayo Lewala alikuwa akiisafisha ilijengwa na wafungwa Wanama na Waherero. Kumbukumbu za Wajerumani wenyewe zinaonyesha kwamba kati ya Januari 1906 na Juni 1907, wafungwa 1,359 walikufa miongoni mwa 2,014 waliopelekwa kuijenga. Habari hiyo inatuhusu hata sisi. Jenerali Lothar von Trotha, aliyetoa amri ya kuwaangamiza Waherero mwaka 1904, alikuwa ameongoza jeshi la kikoloni la Wajerumani huku Afrika Mashariki katika miaka ya 1890.

Atakuwapo wa kunijibu kwamba yako majengo yanayodumu bila mtu kuyagusa, kama piramidi za Misri. Ni kweli, lakini piramidi ni kaburi. Halihitaji dari wala dirisha, na halikujengwa ili mtu aamke humo. Jengo la kukaliwa lina sheria nyingine, na anayejua nyumba za mawe za pwani yetu anaijua: boriti ikioza na chokaa ikibanduka, mvua humaliza yaliyobaki. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake Desemba 2020, ikaua watu wawili, nayo ilikuwa katikati ya ukarabati. Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba vyumba vile vya mchanga ni vizuri kweli, na mgeni ana haki ya kuufurahia uzuri bila kuhutubiwa. Haki hiyo siipingi. Nisingependa mchanga ule uzolewe hata ndoo moja, wala ukumbi uachwe uoze. Ninachodai ni kwamba uzuri huo una chanzo, na anayekijua haoni pungufu ya anayeona mwanga na vivuli tu. Anaona zaidi.

Basi atakayefika Kolmanskop asiishie kuuliza nani aliijenga. Aulize nani aliifagia. Lewala mwenyewe aliliona jiwe lile akiwa kazini, beleshi mkononi, na hakupewa tuzo yoyote kwa ajili yake.