Je, Ni Haki Kumtesa Panya kwa Ajili ya Dawa?

Iko huzuni ipitayo, kama ya mtu aliyefiwa. Iko na huzuni iliyo ugonjwa: mtu hali, halali, haoni tena sababu ya kuishi. Huyo si mvivu wala hakurogwa. Ni mgonjwa, na yafaa atafutiwe dawa. Katika Ulaya, tangu zamani, watu hutumia mmea wenye maua ya manjano, jina lake Hypericum perforatum. Lakini itajulikanaje kama huponya kweli?

Njia mojawapo ni kumpima panya. Mwaka 1977, katika Ufaransa, Roger Porsolt na wenziwe walieleza jaribio lao. Panya hutiwa katika chombo cha kioo chenye maji, pasipo njia ya kutoka. Huogelea kwa nguvu, kisha hutulia, akiinua pua tu. Siku ya kwanza hukaa majini dakika 15, siku ya pili dakika 5. Akipewa dawa, naye akaogelea muda mrefu zaidi, husemwa kwamba dawa ina nguvu. Hypericum nayo ilipimwa hivyo.

Je, yafaa kumtia mnyama hofu namna hiyo? Wako wasemao: ni panya tu. Neno hilo halitoshi. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Panya naye huogopa na kuchoka. Wako tena wasemao: mnyama asiguswe kamwe. Hao nao wamsahau mgonjwa. Maana dawa isiyopimwa ikitiwa kinywani mwa mtu, mtu ndiye afanywaye panya.

Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliandika kanuni tatu: pakiwapo njia nyingine, mnyama asitumiwe, wakitumiwa, wawe wachache, na maumivu yao yapunguzwe. Kanuni hizo ni njema. Lakini liko swali lizitangulialo: maumivu hayo yatafundisha nini? Panya aliyetulia majini labda hakukata tamaa. Labda amejifunza kutunza nguvu zake. Hawezi kusema kama moyo wake ni mzito.

Kwa hiyo ilibidi kuwapima watu wenyewe. Mwaka 2008 yalikusanywa majaribio 29 ya wagonjwa 5,489. Ikaonekana kwamba dawa za mmea huo zilisaidia kuliko kidonge kisicho na dawa ndani yake. Hata hivyo mmea huo hudhoofisha dawa nyingine, zikiwamo baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI. Hayo, panya aogeleaye hawezi kuyaonyesha.

Basi mtafuta dawa ana madeni mawili. Kwa mnyama, asiteswe bure. Kwa mgonjwa, asiambiwe zaidi ya yale yajulikanayo. Muuza majani asemaye, «Panya aliogelea, nawe utapona,» amewadhulumu wote wawili.