Uniti 75 za Nyumba ya Kupanga

Luku, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ya nyumba ya kupanga ikihamishwa kutoka kundi la bei nafuu la D1 kwenda kundi la T1, ujirani hutikisika. Elfu tano iliyokuwa ikivusha wiki inaisha baada ya siku chache, na kila mpangaji anaapa hajaongeza kitu. Macho yote humgeukia mama wa chumba cha mwisho, mwenye friji ya kugandishia barafu za kuuza.

Mimi namtetea mama huyo, na hesabu inamtetea pia. Bei zilizopangwa mwaka 2016 zilimpa mteja mdogo wa D1 uniti moja kwa shilingi 100, kabla ya kodi na tozo, ilimradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Akivuka, kila uniti ya ziada ni 350. Akizoea kuvuka, anapelekwa T1, ambako ni 292 kuanzia uniti ya kwanza. Sasa chukua nyumba ya vyumba sita Manzese au Mbagala, kila chumba kikitumia uniti 20 za taa, feni na kuchaji simu. Mita ni moja, nayo inasoma 120. Nyumba imeshavuka kabla friji haijachomekwa! Kwa T1, kila chumba kinalipia 5,840 umeme ambao, kingekuwa na luku yake, kingeupata kwa 2,000.

Kwa hiyo unafuu uliowekwa kwa ajili ya mnyonge unamfikia anayeishi peke yake na mita yake, na kuwapita waliobanana uani. Hili linaniuma. Mkakati wa taifa uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034, lakini wapangaji hawa wakipiga hesabu ya jiko la umeme watarudi kwenye mkaa.

Wanaochangishana wasisubiri ugomvi. Tarifu ikibadilika, kaeni siku hiyohiyo mpange mchango upya, risiti ya luku ikiwa mezani, kila mmoja aone uniti zilizopatikana na makato. Mita ndogo kwa kila chumba haishushi bei, ila inaondoa shutuma. Halafu kuna kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia luku: hilo ni deni la mwenye nyumba, na aliyelitanguliza anastahili kurudishiwa kwenye kodi ya chumba.

Mwenye nyumba, unapomwonyesha mtu chumba, mwambie pia luku iko kundi gani na wangapi wanaitumia. Ukiweza, omba mita nyingine. Na EWURA wanaopanga bei, pamoja na TANESCO wanaouza umeme, nawasihi: uniti 75 zihesabiwe kwa kaya, maana mita moja inaweza kubeba kaya sita.