Katuni ya Tatu

Palikuwa na mama mmoja mjini Morogoro, fundi cherehani, mwenye binti wa miaka sita. Mwaka 2017 sare za shule zilikuwa zimemwelemea, na kila binti alipomjia na maswali yake, mama alimpa simu. Wala hakuwa mzembe. Aliitafuta katuni mwenyewe, Peppa Pig, ile ya Waingereza ya familia ya nguruwe, akaitazama hadi akaridhika: lugha ya adabu, watoto wanarukaruka kwenye madimbwi ya matope. Kisha akarudi kwenye cherehani. Bando lipo, mtoto katulia, kazi ikaenda.

Siku zikapita, jino la mbele la binti likaanza kucheza. Bibi yake akachukua uzi, akamwita: "Njoo mjukuu wangu tulitoe, ukalirushe juu ya bati upate jipya." Mtoto akaziba mdomo kwa mikono miwili, akajitosa chini ya meza katikati ya vipande vya vitambaa, akilia kwamba hataki sindano kubwa, hataki kung'olewa meno yote.

"Nani kakwambia habari za sindano?"

Akanyoosha kidole kwenye simu.

"Haiwezekani, mama," fundi akamwambia mkwewe. "Katuni hiyo naijua, nimemwekea mwenyewe."

"Umemwekea ya kwanza, mwanangu. Ya tatu kaiweka nani?"

Wakafungua orodha ya video zilizotazamwa. Ya kwanza ilikuwa ile ya mama. Ya pili ilifanana nayo. Ya tatu ilikuwa na nguruwe yule yule na gauni lile lile jekundu, ila sasa yuko kwa daktari wa meno mwenye sindano ya kutisha, anang'olewa meno huku analia. Hakuna aliyeichagua. Ilianza yenyewe ya pili ilipokwisha.

Nyumba hiyo ni ya hadithi, lakini katuni hiyo si ya kubuni. Mwezi Machi 2017 BBC iliripoti video bandia za aina hiyo kwenye YouTube, ikiwamo ya Peppa kwa daktari wa meno. Mwezi Novemba mwandishi wa Uingereza, James Bridle, akaandika makala iliyowashtua wazazi wengi, na mkasa wote ukaitwa Elsagate, kwa jina la Elsa wa filamu ya Frozen, ambaye naye alikuwa akichorwa kwenye visa vya ajabu. Nyingine zilipenya hadi kwenye YouTube Kids, programu iliyoanzishwa mwaka 2015 kwa ajili ya watoto. Ndipo YouTube ikafuta chaneli kadhaa.

Chanzo chake ni pesa. Video inayotazamwa sana huvuta matangazo, na matangazo hulipa. Basi wajanja wakajaza vichwa vya video majina wanayoyapenda watoto, na mtambo wa kupendekeza, usiojua uchungu wa mwana, ukazisukuma mbele. Mtoto wa miaka minne hawezi kutofautisha halisi na bandia. Akimwona anayemjua, hufuata. Kwamba watoto ni soko lilidhihirika tena Septemba 2019, Google na YouTube zilipokubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani, kwa tuhuma za kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi.

Tukitafuta dada wa kazi huuliza katokea wapi, kalelewa na nani, nani anamfahamu. Simu inakaa na mtoto saa nzima bila kuulizwa swali hata moja.

Kwa hiyo, kuchagua ni kujua kinachofuata. Zima kitufe kinachoruhusu video nyingine ianze yenyewe. Afadhali pakua vipindi vichache ulivyovitazama hadi mwisho, mtoto avirudie. Watoto hawachoki kurudia. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mwenye miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na pungufu yake ni bora zaidi.

Tena usimlishe chakula cha aina moja. Ubongo Kids, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2014, inafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili, na wadogo zaidi wana Akili and Me. Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi, inasimulia ngano za Afrika kwa michoro ya mtindo wa Edward Saidi Tingatinga. Baada ya hapo na aone pia watoto wa nchi nyingine wanavyoishi, ajue dunia ni pana.

Muziki ni vivyo hivyo. Mtoto anayekesha na spika ya jirani atakariri mafumbo ya mapenzi, na kwenye mahafali ya chekechea tutampigia makofi akiyakatikia. Mtafutie zeze na ilimba za Hukwe Zawose, msikilizishe Saida Karoli akiimba Kihaya, mwombe bibi amfundishe nyimbo za michezo za utotoni mwake.

Kama kazi imekubana na huna nafasi ya kuangalia kitakachofuata, mpe mtoto vipande vya vitambaa achezee hapo miguuni pako. Kelele zake utazivumilia. Hofu aliyopandikizwa na mgeni usiyemjua itakuchukua muda mrefu zaidi kuing'oa.